Gemu ya bure: ichukue Alhamisi, bando litafute baadaye

Wanachuo wengi hapa Dodoma hupitwa na gemu za bure kwa kudhani kuichukua gemu ni lazima uipakue papo hapo. Si lazima. Ukishaichukua inabaki kwenye akaunti yako hata duka likirudisha bei kesho yake, na kazi yote inafanyika kwa simu, kwa MB chache.

Epic Games Store, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, hubadilisha gemu ya bure kila Alhamisi saa 12 jioni kwa saa zetu, au saa 1 usiku kati ya Novemba na Machi, Marekani wanaporudisha saa nyuma. Ingia kwenye tovuti yao, chagua gemu, na hakikisha jumla inasoma 0 kabla ya kuthibitisha. Kadi haihitajiki; anayekudai namba ya kadi au "ada ya uhakiki" kwa simu ni tapeli. Washa uthibitisho wa hatua mbili mapema. Na tafadhali, usitumie ile barua pepe uliyofunguliwa na muuza simu: nywila ikipotea, gemu zote zimekwenda.

Anayemlipa mtengenezaji wa gemu ni duka. Hati za kesi ya Epic dhidi ya Apple mwaka 2021 zilionyesha kuwa miezi tisa ya mwanzo ya kugawa, Epic ilitumia kama dola milioni 11.6 kwa gemu za bure, ikapata akaunti mpya karibu milioni 5, yaani kama dola 2.3 kwa mteja. Gemu ya Subnautica pekee ililipwa dola milioni 1.4. Kwa gemu ambayo mauzo yake yameanza kupoa, hizo ni fedha za uhakika kwa mkupuo.

Watengenezaji wengine faida yao inakuja baadaye. GTA V ilitolewa bure Mei 2020, lakini fedha za kutumia ndani ya GTA Online, sehemu yake ya kucheza mtandaoni, ziliendelea kuuzwa. Civilization VI ikafuata mwezi huohuo, na nyongeza zake zikabaki na bei. Gemu ya kucheza wengi mtandaoni hufaidi zaidi, kwani bila watu inakufa. Ila gemu ndogo mpya, ya mchezaji mmoja, isiyo na nyongeza wala mwendelezo, ikigawiwa bila malipo ya duka naiona ni hasara tupu kwa aliyeitengeneza.

Sasa bando. GTA V inazidi GB 90, hivyo mmoja apakue, wengine wanakili, mradi kila mmoja ameichukua kwenye akaunti yake. Kwenye kompyuta inayopokea, anza kuipakua mpaka asilimia 2 au 3, sitisha, kisha funga kabisa programu ya Epic. Bandika mafaili ya mwenzako ndani ya folda iliyojitengeneza, ukikubali yachukue nafasi ya yaliyomo. Fungua tena, endelea: itakagua mafaili na kushusha yaliyopungua tu. Diski ya kunakilia ikigoma katikati, mara nyingi imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, usiopokea faili la GB 4 na zaidi. Ifomati kwa exFAT, baada ya kuhamisha vilivyomo. Kisha zima masasisho ya kujiendesha, la sivyo bando la wiki litaisha usiku mmoja.