Laini Imekatika, Taa Bado Inawaka: Njia ya Akiba Kati ya Ruta

Kuandika njia ya pili kwenye ruta ni kazi ya mstari mmoja. Kinachosumbua ni kuifanya ruta itambue kwamba njia kuu imekufa. Njia iliyoandikwa kwa mkono huondoka kwenye jedwali la njia la ruta pale poti yake inapozimika, lakini laini nyingi hazikatikii kwenye poti. Kati ya ruta na mtoa huduma kuna modemu, swichi au kigeuzi cha faiba. Faiba ikikatika kilomita kadhaa mbele, kebo fupi inayoingia kwenye ruta bado ni nzima, taa ya kijani inawaka, na pakiti zinaendelea kutumwa kusikofika popote.

Kwenye Cisco IOS, mfumo wa ruta za Cisco, msingi wenyewe ni huu, wa kwanza njia kuu na wa pili ya akiba (anwani ni za mfano):

```
ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 GigabitEthernet0/0 203.0.113.1 track 1
ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 GigabitEthernet0/1 198.51.100.1 10
```

Namba 10 ni umbali wa njia. Zikishindana njia mbili za kwenda mahali pamoja, yenye umbali mdogo ndiyo inayoingia kwenye jedwali, nyingine inangoja. Njia ya mkono isiyotajiwa namba hupewa 1. Kwa njia ambazo ruta hupeana zenyewe kwa itifaki, eBGP ni 20, OSPF 110, RIP 120, iBGP 200. Hapo ndipo wengi huteleza: njia kuu inatoka OSPF, mtu anaandika ya akiba kwa mkono na kuipa 10. Laini ndogo inabeba mzigo wote tangu siku ya kwanza, na hakuna anayejua hadi watu waanze kulalamika kwamba mtandao ni mzito. Kama kuu ni ya OSPF, ipe ya akiba 130.

Taja poti na anwani ya jirani kwa pamoja. Ukitaja anwani peke yake, poti ikizimika ruta inaweza kumtafuta jirani huyo kupitia njia nyingine iliyopo kwenye jedwali, ikaiacha njia mfu pale pale. Ukitaja poti ya Ethernet peke yake, ruta itauliza kwa ARP ("nani mwenye anwani hii?") kwa kila anwani ya mbali, na usalama wako utategemea jirani akubali kujibu kwa niaba ya dunia nzima.

Sasa kipimo, ambacho ndicho kiini cha kazi: ping inayotumwa mbali mara kwa mara kupitia laini kuu, na `track 1` inayoiondoa njia kuu jibu lisiporudi:

```
ip sla 1
 icmp-echo 192.0.2.53 source-interface GigabitEthernet0/0
 threshold 1000
 timeout 1000
 frequency 5
ip sla schedule 1 life forever start-time now
track 1 ip sla 1 reachability
 delay down 15 up 60
ip route 192.0.2.53 255.255.255.255 GigabitEthernet0/0 203.0.113.1
ip route 192.0.2.53 255.255.255.255 Null0 250
```

Usipoweka `frequency`, kipimo hutumwa kila sekunde 60, na hizo ni nyingi mno. Ukisahau mstari wa `schedule`, kipimo hakianzi kabisa na njia kuu haiingii kwenye jedwali. `delay down 15` inazuia pakiti moja iliyopotea isihamishe ofisi nzima. Kwa mipangilio hii, kuhama kunachukua kama sekunde 20. `up 60` nisingeiacha kamwe: laini inayofufuka huwa inakata na kurudi mara kadhaa kabla ya kutulia.

Mistari miwili ya mwisho ndiyo inayosahauliwa. Bila ule wa kwanza, njia kuu ikifa na ruta ikahamia ya akiba, kipimo nacho kinapita kwenye akiba, kinajibiwa, ruta inaamini kuu imepona na inarudi huko. Kipimo kinashindwa tena, inahama tena, na mchezo hauishi. Ule wa `Null0`, poti ya kutupia pakiti, unakitupa kipimo pale poti kuu inapozimika kabisa, kisije kikachungulia upande wa pili.

Anwani ya kupima isiwe lango la mtoa huduma, kwa sababu lango linaweza kujibu vizuri huku mtandao wa nyuma yake umekatika. Isiwe pia DNS (seva inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) inayotumiwa na watumiaji. Umeifunga anwani hiyo kwenye laini kuu. Laini hiyo ikifa, intaneti itakuwepo lakini hakuna jina litakalofunguka.

Kwenye ruta za MikroTik kuna `check-gateway=ping`, inayopima kila sekunde 10 na kuliona lango limekufa baada ya kukosa majibu mawili. Ili ipime mbali zaidi ya lango, kwenye mfumo wake, RouterOS 7:

```
/ip route add dst-address=192.0.2.53/32 gateway=203.0.113.1 scope=10
/ip route add dst-address=0.0.0.0/0 gateway=192.0.2.53 distance=1 target-scope=11 check-gateway=ping
/ip route add dst-address=0.0.0.0/0 gateway=198.51.100.1 distance=2
```

Kama ruta zote mbili ni zako, za makao makuu na tawi, kila upande unahitaji njia yake ya akiba na kipimo chake. Upande mmoja ukihama peke yake, pakiti zinakwenda kwa akiba na majibu yanapotelea kwenye laini iliyokufa. Ndiyo maana hapo napendelea OSPF kwenye laini zote mbili, huku ya akiba ikipewa `ip ospf cost 100` pande zote, maana gharama huhesabiwa kwa pakiti zinazotoka tu. Usiiachie ruta ikadirie: kasi ya rejea inayoitumia kukokotoa gharama kwa kawaida ni Mbps 100, hivyo poti ya Mbps 100 na ya gigabiti zote zinapata 1, na mzigo unagawanywa badala ya laini moja kungoja. OSPF husubiri sekunde 40 kabla ya kumtangaza jirani kuwa amekufa. BFD, itifaki ya kuchunguza jirani kwa haraka, ya milisekunde 300 mara 3 inapunguza hadi chini ya sekunde moja.

NAT, inayotafsiri anwani za ndani kuwa za intaneti, nayo inahitaji sheria mbili, kila moja na `route-map` yenye `match interface` ya poti yake. Hata hivyo tafsiri za zamani hubaki kwenye kumbukumbu, za TCP hadi saa 24, na simu za mtandaoni (SIP) ndizo hung'ang'ania anwani iliyokufa. `clear ip nat translation *` inamaliza tatizo. EEM, kiendesha amri cha ndani ya IOS, inaweza kuiendesha yenyewe hali ya `track 1` inapobadilika.

Kujaribu, usichomoe kebo ya ruta, kwa sababu hilo hata njia isiyo na kipimo ingeligundua. Chomoa faiba upande wa pili wa kigeuzi, kisha tazama `show track 1` na `show ip route 0.0.0.0`. Akiba ikiwa ni handaki la GRE lenye usimbaji wa IPsec, vichwa vya ziada hupunguza nafasi ya pakiti, hivyo ping ndogo itapita na kurasa zitagoma kufunguka: weka `ip mtu 1400` na `ip tcp adjust-mss 1360` kwenye handaki, halafu rudia kwa ping ya baiti 1400 yenye `df-bit` (isikatwe vipande).