Siku yangu na milango ya Nyalenda

Saa kumi na mbili asubuhi niko Nyalenda na rola, kopo la wino mweusi na kipande cha marekani. Huku Kisumu, tarehe tano ikishapita, kufuli ngeni huanza kuning'inia kwenye milango ya watu. Anayezidi kuchelewesha kodi hung'olewa mlango wenyewe. Milango hiyo ndiyo ninayochapa kwa wino.

Mpangaji ni mama aliyehamia kwa dadake juzi. Ameridhia, na keateka naye amelainika baada ya chai na mandazi. Mlango umelazwa chini. Naupaka wino, natandika kitambaa, nasugua kwa mgongo wa mwiko nikianzia katikati. Nikiinua, vyote vimekuja: michirizi ya bati, bawaba za vipande vya tairi, matundu ya misumari, na pembeni tarakimu za deni alizokwaruza mtu kwa msumari.

"Hee, baba, hata pale panya alipopitia pametoka!" mama anacheka.

Sichori watu wanaolia. Picha hizo zina soko, najua, lakini mtu aliyefungiwa nyumba hana haja ya kufungiwa tena kwenye fremu na machozi yake.

Saa nne, sokoni Kibuye. Wino umepanda bei. Kama kila kitu.

Saa saba nawaonyesha vijana wa karakana, kwenye simu, kazi ya mchongaji Mwingereza Rachel Whiteread iitwayo House. Mwaka 1993 huko mashariki mwa London alipulizia zege kuta za ndani za nyumba iliyobaki peke yake baada ya jirani zake kubomolewa, kisha kuta zikaondolewa. Kikabaki kile kilichokuwa uwazi, sasa kigumu: mahali pa moto pamechomoza nje badala ya kuingia ndani. Novemba akapewa tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, na siku hiyohiyo baraza la mtaa likapiga kura kazi ibomolewe. Januari 1994 ikaangushwa. Kijana mmoja akauliza zege hiyo ingejenga vyumba vingapi hapa mtaani Manyatta. Nikamwambia apige hesabu aniletee kesho. Swali lake si la mzaha. Mtu akikatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu na bado anapanga chumba cha bati, lazima aulize zege inakwenda wapi.

Saa kumi anakuja mteja wa Milimani, mtaa wa wenye nacho. Ameupenda mlango, ila anataka nizifute zile tarakimu, eti zitamharibia sebule. Nikamwambia bila deni hilo ni bati tu, na bati linauzwa pale barabarani. Tumevutana mpaka jua likaanza kuzama. Amelipa, tarakimu zikiwemo.

Usiku namtumia mama theluthi yake kwa M-Pesa, kama tulivyokubaliana. Anapiga simu papo hapo. Anataka kujua aliyenunua ni nani.

"Ni mzee mmoja wa Milimani."

"Ana nyumba za kupangisha?"