Eagles wa 2023: Kutoka Kileleni Hadi Kichapo cha Tampa

Bado natafakari msimu wa 2023 wa Philadelphia Eagles, timu ya mpira wa Kimarekani (NFL) iliyoshinda michezo 10 kati ya 11 ya mwanzo, ikiwafunga hata mabingwa watetezi Kansas City Chiefs 21 kwa 17, kisha ikapoteza mitano kati ya sita iliyosalia. Dalili zilikuwepo mapema, kwani ushindi mwingi ulikuwa wa kuponea chupuchupu, ukiwemo ule dhidi ya Buffalo Bills uliopatikana katika muda wa nyongeza. Sisi mashabiki tuliuita ukomavu.

San Francisco 49ers waliwachapa 42 kwa 19, Dallas Cowboys wakafuata kwa 33 kwa 13, ndipo kocha Nick Sirianni alipomwondolea Sean Desai jukumu la kuongoza ulinzi na kumkabidhi Matt Patricia. Kwangu, kubadili mfumo Desemba kuliwachanganya zaidi wachezaji. Arizona Cardinals, waliokuwa na ushindi mara tatu tu, walitoka nyuma 21 kwa 6 wakashinda 35 kwa 31 (kipindi cha pili nilikitazama nimenyamaza kabisa). Katika mtoano, Tampa Bay Buccaneers waliwatoa Eagles kwa 32 kwa 9.