Usiku Korosho Zilipozaa Ghalani

Ilikuwa katikati ya msimu wa korosho, mnada ni kesho yake. Simu ya kwanza asubuhi hiyo, ofisini kwetu Mtwara mjini, ilikuwa ya karani wa ghala moja la Masasi.

"Kijana, mnapika nini huko? Mfumo unasema nina mzigo mara mbili ya niliopima jana."

Hata sijakaa, Newala nao wakapiga. Wao mfumo uliwasomea sifuri, na magunia yamejaa hadi mlangoni.

Kila ghala lilikuwa na seva yake, na kila seva ilikuwa na mstari uleule wa kroni, programu inayoanzisha kazi zenyewe kwa saa uliyoipangia: 0 2 * * *. Dakika sifuri, saa nane usiku, kila siku: jumlisha uzito, tuma Mtwara.

Fundi wetu mkuu, mama mmoja wa Kilwa, alimaliza chai yake kwanza. Kisha akauliza habari za umeme, si za programu. Kumbe Newala ulikatika usiku, ukarudi alfajiri. Kroni ni ya tangu Unix, mfumo endeshi wa kompyuta wa miaka ya 1970. Hutazama saa kila dakika, na dakika ikipita mashine imezimwa, basi imepita. Haina deni. Ndiyo maana ikaja anakroni, ambayo huandika tarehe ya mara ya mwisho na kulipa kazi iliyolala mashine ikiwaka. Kwa umeme wetu, nilishangaa hatukuanza nayo.

Masasi kulikuwa na seva ya akiba, iliyonakiliwa nzimanzima kutoka ile ya kwanza, kroni na yote. Saa nane zote mbili zikatuma.

"Mama, si tuizime tu hii ya akiba?"

"Na ile nyingine ikifa usiku, mwanangu, utakwenda Masasi kwa miguu?"

Akaweka kufuli kwenye hifadhidata ya Mtwara: ghala moja, tarehe moja, mstari mmoja. Anayewahi ndiye anayeandika, wa pili anakataliwa.

Orodha ya mnada tuliirekebisha kwa mkono kabla ya adhuhuri. Kufuli ndilo lililotula jioni nzima, kwa sababu betri ya saa ya seva ya Nanyamba ilikuwa imekufa, na kila umeme ukirudi inaamka na tarehe ya miaka ya nyuma. Mama akaamua tarehe itolewe na Mtwara, seva ya ghala ilete uzito tu.