Mto San Pedro, ndege wake na visima vilivyo mbali na kingo

Juni ndio mwezi ambao Mto San Pedro, kusini-mashariki mwa jimbo la Arizona nchini Marekani, hauwezi kumdanganya mtu. Mvua za kiangazi, ambazo huanza Julai, bado hazijafika, mafuriko ya majira ya baridi yamekwisha kupita, na maji yote yanayoonekana yakitiririka yamechimbuka kutoka ardhini. Ndiyo maana tangu mwaka 1999 watu wa kujitolea huugawana mto huo kila Juni, wakautembea kwa miguu na kuandika mahali maji yanapoanzia na mahali yanapoishia. Nami niliwahi kutembea kipande kimoja, na tangu siku hiyo nimeacha kuamini kwamba makazi ya ndege yanaweza kulindwa kwa uzio na bango pekee.

Mto huu huanzia karibu na Cananea, huko Sonora nchini Meksiko, ukaelekea kaskazini kupitia nyika kavu hadi unapoungana na Mto Gila. Ukiutazama kutoka mlimani huoni maji. Unaona utepe wa kijani uliolazwa katikati ya rangi ya vumbi. Ndani ya utepe huo zimeorodheshwa karibu aina 400 za ndege, na takriban 100 kati yake huzalia hapo. Wengine, ambao kwa idadi ni mamilioni, hupita tu wakienda au wakirudi kati ya Meksiko na kaskazini, na kwa ndege mwenye uzito wa gramu chache aliyevuka jangwa usiku kucha, mti wenye viwavi alfajiri ndio tofauti kati ya kufika na kutofika.

Miti inayobeba uhai huo ni mipopla na mierebi, na namna inavyozaliwa inastahili kuelezwa kwa utulivu. Mbegu ya mpopla ni ndogo mno, hubebwa na sufi nyeupe, na huishi kwa wiki chache tu baada ya kuanguka. Haioti kivulini wala katikati ya majani. Huhitaji mchanga mtupu, wenye unyevu, ulioachwa na mafuriko yanayopungua polepole kiasi kwamba mzizi mchanga unaweza kuyafuata maji yanaposhuka. Maji yakishuka haraka kuliko mzizi, mche hufa. Hata mti uliokwisha kukua hauna uhuru mkubwa: mahali ambapo maji ya ardhini yamezama zaidi ya takriban mita 3, au yanapandashuka sana mwaka hadi mwaka, mipopla hudhoofika na tamariski, mti uliotoka ng’ambo, huchukua nafasi. (Katika kingo za juu kidogo umejaa mti ulio jamaa wa karibu wa mathenge. Sisi tulioizoea mathenge kama adui wa malisho tunapaswa kujizuia kidogo, kwa sababu kule ni mti wa asili na ndege wanautegemea.)

Bunge la Marekani liliitenga sehemu ya mto yenye urefu wa kilomita 64 hivi mnamo Novemba 1988, ikiwa ni hifadhi ya zaidi ya hekta 22,000. Ng’ombe waliondolewa wakati huohuo, na matokeo hayakuchelewa: vichaka vilinawiri chini ya miti, na ndege wanaotaga humo wakaongezeka. Kuanzia mwaka 1999 walirudishwa pia biva, wanyama wagugunaji wanaoziba mito kwa magogo, ambao walikuwa wamemalizwa na wawindaji. Hayo yote yalifanyika vizuri, nami sina neno.

Shida ni kwamba mpaka wa hifadhi umechorwa juu ya ardhi, ilhali mto unalishwa kutoka chini yake. Katika bonde hilohilo uko mji wa Sierra Vista, iko kambi ya jeshi ya Fort Huachuca, na viko visima vingi vya watu binafsi. Kisima kilicho kilomita kadhaa kutoka ukingoni hakiukaushi mto siku kinapochimbwa. Hunyang’anya maji ambayo yangefika huko baada ya miaka mingi, kwa hiyo mchimbaji haoni kosa lake na mto hauna wa kumshitaki. Sheria ya Arizona nayo huyashughulikia maji ya juu na maji ya ardhini kana kwamba ni vitu viwili visivyojuana. Julai 2005, katika kituo cha vipimo cha Charleston, mto uliacha kutiririka kwa mara ya kwanza tangu vipimo vianze mapema katika karne ya 20.

Sheria ya 1988 iliihifadhia hifadhi haki ya maji ya kuitosha, lakini ilikuwa mwaka 2023 ndipo mahakama ilipotaja viwango vya haki hiyo. Miaka 35! Wakati huo nyumba zilijengwa na visima vikachimbwa. Ninachokithamini zaidi ni kazi isiyo na mvuto ya kurudisha maji ardhini: Sierra Vista huyasafisha maji taka yake na kuyaacha yazame, na mashamba yaliyo karibu na mto yamenunuliwa ili yasichimbwe visima zaidi.

Kipande changu cha Juni kiliishia kwenye kidimbwi kisichozidi upana wa mkeka, chenye visamaki vilivyojibanza upande wa kivuli. Baada yake ulikuwa mchanga mtupu. Nilipiga magoti nikachimba kwa mkono. Maji yalianza kuchuja nilipofika kiwikoni, ya baridi, yakijaza shimo taratibu. Juu yangu, ndani ya mpopla, kekeo mwenye mdomo wa njano, ambaye tangu 2014 yumo katika orodha ya Marekani ya wanyama walio hatarini, alikuwa akilia kwa sauti kavu ya kukatikakatika. Niliandika saa na mahali, nikalifukia shimo.