Mzigo wa Baba Salma: jinsi ninavyoufunga Mombasa ukafika mzima

Watu wakisikia mume wangu yuko Somalia na jeshi, hunipa orodha ya vitu vya kumpelekea: chokoleti, chipsi, keki. Wanasema kwa moyo mwema, lakini hakuna hata kimoja kinachohimili safari hiyo. Chokoleti huanza kulainika joto likipita nyuzi 30, na kule joto la mchana hufika hapo bila shida. Pakiti tatu za chipsi zajaza boksi zima kwa hewa tupu, halafu hufika zimekuwa unga. Keki huota ukungu njiani. Mzigo wa askari hupangwa kwa joto, kwa uzani, na kwa kumfikiria yule anayeubeba.

Wangu hubebwa na shemeji, mwenzake anayerudi kazini kutoka likizo, naye tayari ana begi lake zito. Kwa hiyo naupima dukani kwenye mizani, na ukizidi kilo mbili napunguza. Shemeji akiwa Nairobi nautuma kwa basi kutoka Mwembe Tayari, shilingi mia tatu au nne hivi kulingana na ukubwa. Nauli ya bodaboda ya kuufuata stejini naitia kwenye M-Pesa yake mapema. Si haki mtu akubebee mzigo na agharamike pia.

Vitamu vinavyofika salama ni visheti na kashata za njugu. Kashata za nazi ziache, nazi huchacha. Visheti vipoe kabisa kabla hujavifunika, ikiwezekana usiku mzima, kwa sababu mvuke ukibaki ndani sukari huyeyuka na vikashikana vyote bonge moja. Halua nayo hukaa muda mrefu, ila usiipeleke na boksi la karatasi ulilonunulia Mji wa Kale. Joto likizidi samli hujitenga na kupenya karatasi. Ihamishie kwenye kopo.

Achari ndiyo anayoiulizia Baba Salma kila akipiga simu, na ndiyo iliyonisumbua zaidi. Wote walinishauri achari ya mafuta kwenye chupa ya kioo, nizungushie seloteipu mfunikoni. Ilifika nusu, nusu nyingine ikawa imeingia kwenye soksi na barua. Mafuta hutanuka yakipata joto, na achari yenye chumvi kidogo huendelea kuchachuka. Hewa ikijaa husukuma mfuniko, na seloteipu yenyewe gundi yake huachia mafuta yakishaigusa. Sasa nakata maembe mabichi vipande vyembamba, nayaanika juani hadi yakunjike bila kuvunjika. Nayapika na siki, sukari, chumvi, kitunguu thomu na pilipili ya unga, bila mafuta, mpaka rojo iwe nzito: ukipitisha mwiko, chini ya sufuria paonekane kidogo kabla rojo haijajifunga tena. Naitia kwenye kopo la plastiki lililokuwa la siagi ya njugu, lililooshwa na kukauka kabisa, kwani tone la maji tu huleta ukungu. Juu naacha nafasi ya kidole kimoja.

Halafu ndiyo mtihani wenyewe. Nalipindua kopo kichwa chini juu ya gazeti, nalilaza hivyo usiku kucha karibu na jiko penye joto. Asubuhi nikiona doa kwenye gazeti, hata la ukubwa wa punje ya mchele, kopo hilo haliendi. Tangu nianze mtihani huu hakuna barua iliyolowa tena.

Sijazi magazeti wala vitambaa vya kutupa. Kila kopo nalivika soksi ya pamba, pembeni nashindilia fulana. Vyote hivyo atavivaa. Sabuni na poda ya miguu hukaa kwenye kopo lao lenye mfuniko, la sivyo visheti vitanuka sabuni. Betri za tochi nazibandika teipu nchani zisigusane. Pawabenki, viberiti vya gesi na makopo ya kupuliza sitii, kwani hukataliwa kwenye mizigo ya ndege na humtia shemeji taabani. Boksi nalifunga kwa kamba, si teipu, na juu kabisa naweka orodha ya vilivyomo. Likikaguliwa hufunguliwa na kufungwa tena bila kuchanwa.

Nje naandika jina la Baba Salma, cheo na nambari yake ya jeshi, basi. Wengine huandika kambi, na jina la misheni ya Umoja wa Afrika kule Somalia, tena la zamani: AMISOM iliisha 2022 ikaja ATMIS, na tangu Januari 2025 ni AUSSOM. Mambo hayo hayana kazi juu ya boksi linalopita stejini mbele ya kila mtu. Wala siweki picha yake mtandaoni.

Barua naandika kwa bolpeni ya kawaida, maana wino wa jeli huchuruzika ukipata jasho. Nazitia nambari kwenye bahasha, kwani shemeji mmoja humtangulia mwingine na ya pili yaweza kufika kabla ya kwanza. Ndani natia karatasi tupu na bahasha ya kujibia.

Na habari nusu siandiki kamwe. Ukiandika “Salma ana homa,” barua itafika wiki kadhaa baadaye Salma akiwa anacheza uani, na baba yake atakesha kwa jambo lililokwisha. Ya dharura ni ya simu. Kwenye barua namwandikia yaliyokamilika: ada imelipwa hadi muhula gani, bati lililovuja limetengenezwa na nani, mtoto amefika sura gani ya Kurani chuoni. Mwisho wa ukurasa namwachia Salma nafasi ya kuchora mkono wake kwa penseli, na tarehe pembeni, ili babake aupime na ule wa barua iliyotangulia.

Nakala ya ile orodha hubaki nami. Akipiga simu tunaipitia kitu kimoja kimoja, ananiambia kipi kimefika kizima na kipi kimepondeka, na kilichopondeka hakirudi kwenye mzigo unaofuata.