Kufuma safarini: pitisha uzi wa akiba kabla ya kila kituo

Kazi ya kufuma huharibika safarini kwa namna moja zaidi ya zote: mfuko unasukumwa, sindano inachomoka, vitanzi vinashuka, na mwenyewe hagundui mpaka saa zimepita. Kwa hiyo kabla ya kufungasha bonge la pili la sufu, fungasha uzi wa akiba.

Huu ni uzi mwembamba wa pamba, laini, wenye rangi iliyo mbali na ya kazi yako. Kata kipande kinachozidi upana wa kazi kwa sentimita 20 kila upande, kitunge kwenye sindano butu yenye tundu kubwa, kisha ukipitishe ndani ya vitanzi vyote vilivyo kwenye sindano ya kufumia. Usichome katikati ya uzi wa sufu, na ruka pete za alama, yaani zile ndogo zinazotiwa kwenye sindano kuonyesha mahali. Pete ikinaswa humo, mstari unaofuata hutaweza kuisogeza. Uzi wenye manyoya haufai, maana hung'ang'ania sufu na kuacha rangi yake. Ule wa kusafishia meno unafaa sana kwa kuwa unateleza.

Fanya hivyo kabla ya kubadili basi, kabla ya kulala, na hasa kabla ya ukaguzi wa uwanja wa ndege. Nchi nyingi huruhusu sindano za kufumia kwenye mzigo wa mkononi, ila afisa aliye mbele yako ndiye mwenye neno la mwisho. Akizichukua, vitanzi vimebaki salama kwenye uzi. Za mianzi au mbao kwa kawaida hazizui maswali kama za chuma. Badala ya mkasi, kikata kucha kinatosha kukatia uzi.

Kazi inayofaa zaidi njiani ni soksi. Gramu 100 za uzi wa soksi huwa na takriban mita 400, na kwa kawaida hutosha jozi ya mtu mzima: vitanzi 64 hivi kila mzunguko, kwa sindano ya milimita 2.5. Chukua sindano ya duara, yaani ncha mbili zilizoungwa kwa waya wa plastiki, yenye urefu wa sentimita 80 au zaidi. Ukiiachia haianguki chini ya kiti. Mitindo ya matundumatundu inayodai kusoma mchoro kila mstari iache nyumbani; gari likiruka shimo moja tu, hesabu imepotea.

Kitanzi kikishuka, usivute kazi wala usiinyooshe ili uone vizuri. Kishike kwanza kwa pini ya nepi. Sufu ya kawaida hukwaruza na hukizuia kitanzi kwa muda. Akriliki, pamba na sufu iliyotibiwa ili ifuliwe kwa mashine huteleza, na kitanzi hushuka mistari mingi mara moja. Sasa geuza upande wa mbele ukuelekee. Juu ya kitanzi utaona nyuzi zilizolala kama vipandio vya ngazi. Ingiza sindano ya kroshia, yenye ndoano nchani, kwenye kitanzi kutoka mbele kwenda nyuma, nasa kipandio cha chini kabisa, kivute kipite ndani ya kitanzi. Rudia hadi juu. Ukiruka kipandio kimoja kitabaki kimelala nyuma, kwa hiyo geuza kazi uangalie kabla ya kurudisha kitanzi kwenye sindano. Unapokirudisha, mguu wake wa kulia, yaani upande wa kulia wa kitanzi, ukae mbele ya sindano, la sivyo kitafumwa kikiwa kimejikunja. Safu iliyookolewa huonekana legevu kidogo, lakini huji­sawazisha ikioshwa.

Kuziba tundu la kisigino cha soksi kunataka subira tu. Usingoje tundu lenyewe: pale paliposagika mpaka unaona mwanga, fuata njia ya kila kitanzi kwa uzi mpya, juu ya ule wa zamani. Tundu likishatoboka, weka kitu cha mviringo ndani ya soksi, anza sentimita 1 nje ya tundu kwenye vitanzi vizima, tandika nyuzi za wima, kisha pita juu na chini kwa mlalo. Kila unapogeuka, acha kitanzi kidogo kisichokazwa, maana uzi mpya husinyaa ukifuliwa. Usipige fundo, litakuumiza mguu. Uzi wa kushonea usizidi sentimita 50, ukiwa mrefu zaidi unasuguka na kukatika.

Bonge likiisha, sufu isiyotibiwa huungwa bila fundo: chambua ncha mbili kwa sentimita 8, zilaze moja juu ya nyingine, zilowanishe, uzisugue kwa nguvu viganjani mpaka zishikamane. Akriliki haitashikamana kamwe, hivyo fuma vitanzi vitano kwa nyuzi zote mbili na uache mikia ya sentimita 15. Mikia yoyote, hata ya sufu, ifiche baada ya kuosha kazi. Sufu hutanuka ikilowa, na mkia uliofichwa mapema hubana na kukunja kitambaa.